Maji yakishapungua: urudi palepale au uhamie juu?

Mto ukishatulia baada ya mafuriko watu wanagawanyika, wengine wanataka kurudi palepale, wengine wanasema bora tupande juu. Kurudi ni chapchap na shamba liko hapohapo, ila ukuta ulioloa usiukimbilie na plasta au rangi, unyevu ukibaki ndani kuvu inaota, na lile tope mara nyingi limebeba maji ya vyoo kwa hiyo kisima nacho kisafishwe kwa klorini kabla hamjaanza kunywa. Kuhama ni gharama, kiwanja kipya, maji mbali, na karatasi za umiliki ndo zinasumbua kweli. Mi naona lala juu, lima bonde, manake tope la mto mara nyingi lina rutuba, labda kama umeachiwa mchanga mtupu hapo ni habari nyingine.