Kadi za tunu na dodoso la nguvu: nilivyoviona kwa anayehamia kwenye kazi ya kuandika programu

Niseme mapema: kadi za kupanga tunu zako, yaani mambo unayoyathamini, nazipa nyota nne kati ya tano, na dodoso la nguvu za tabia yako nalipa tatu. Vyote viwili ni vya bure, na hakuna hata kimoja kitakachokuambia kama utaweza kuandika programu. Kazi yake ni kukusaidia kuchagua pa kuingilia, maana anayejenga kurasa za wavuti, anayelinda seva zisianguke usiku na anayesafisha data hawana siku za kazi zinazofanana.

Kadi ninazozungumzia ni za mwanasaikolojia William R. Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, za mwaka 2001. Ziko 83. Kila moja ina jina la tunu na mstari mmoja wa maelezo, na zipo kadi tupu za kuandika tunu yako isiyokuwemo. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili. Zichapishe kwenye karatasi nzito, uzikate, kisha tafuta meza kubwa. Kuna watu wanazipanga kwenye skrini. Mimi sishauri, kwa sababu skrini inaonyesha chache kwa wakati mmoja, na hapa faida yote iko kwenye kuziona zote zikigombea nafasi.

Unapanga marundo matatu: si muhimu kwangu, muhimu, muhimu sana. Raundi ya kwanza usitafakari, sekunde tano kwa kadi zinatosha. Rundo la tatu litafura, na ukijikuta na kadi 40 usishangae. Sasa lipunguze hadi kumi, halafu hadi tano, ukishika kadi mbili mbili na kujiuliza: kazi ikinipa hii ikaninyima ile, nitakaa? Hapo ndipo watu wanapoanza kuguna. Kwa jumla tenga dakika 40 hadi saa nzima.

Kosa kubwa ni kupanga kadi jioni ukiwa umechoshwa na kazi ya zamani. Rundo linajaa vile unavyovikosa wiki hiyo, yaani mapumziko, pesa, amani. Hiyo ni njaa, na njaa ikishibishwa inaondoka. Kwa hiyo panga mara mbili, wiki moja katikati, na upige picha ya meza kila mara. Kadi zilizorudi kwenye tano bora mara zote mbili ndizo za kufanyia kazi. Zikiwa tatu tu, tumia hizo tatu.

Tahadhari kwa wanaozitafsiri wenyewe: ipo kadi ya kujiamulia mambo yako na ipo nyingine ya kutomtegemea mtu. Ukiziandika zote "uhuru" umeharibu zoezi. Katika programu tofauti hiyo ina uzito. Anayependa kujiamulia anaweza kufurahi ndani ya timu inayomwachia kuchagua njia ya kutatua tatizo. Asiyetaka kumtegemea mtu atateseka kwenye timu hiyohiyo, kwa sababu kila mstari anaoandika utasomwa na mwenzake kabla haujaingia kwenye mradi, na utarudishwa na maoni.

Baada ya kadi, andika kila tunu kama tukio la siku ya kazi, si kama neno. "Kusaidia watu" peke yake haielekezi popote. "Namwona aliyetumia programu yangu angalau mara moja kwa wiki" inaelekeza: tafuta timu ndogo ambako waandishi wa programu hujibu malalamiko ya watumiaji wenyewe, na epuka kazi ya mifumo ya ndani ambayo humwoni mtumiaji kwa miezi. Aliyeweka familia juu aulize kuhusu zamu za dharura kabla ya kuuliza lugha gani inatumika.

Dodoso ni la VIA (kifupi cha Values in Action, yaani tunu katika matendo), lililotokana na uainishaji wa wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman wa mwaka 2004. Lina nguvu 24 za tabia na huchukua kama robo saa. Mpangilio wa nguvu zako unaupata bure. Ripoti ndefu zinauzwa, na sioni haja ya kuzinunua kwa kazi hii. Linalopotosha wengi ni mkia wa orodha. Nguvu ya 24 si udhaifu wako. Orodha inakulinganisha wewe na wewe mwenyewe, haisemi lolote kuhusu mtu mwingine. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ni rahisi mno kujibu kama mtu unayetamani kuwa. Dawa yake: kabla ya kuchagua jibu la juu kabisa, kumbuka kitu ulichokifanya ndani ya wiki mbili zilizopita. Kama hakipo, shuka ngazi moja.

Kila nguvu ina upande wake mbaya mbele ya kompyuta. Mstahimilivu hukwama saa sita kwenye hitilafu moja na kujisifu. Mwekee saa ya dakika 45, ikilia aulize mtu. Mdadisi huruka kutoka lugha moja hadi nyingine na hamalizi mradi hata mmoja. Mwangalifu ndiye ninayemshangilia zaidi. Iambie Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Wengi hucheka na kuendelea. Mhasibu anayehama fani hawezi kulala na jibu hilo, na yuko sahihi: kompyuta huhifadhi desimali hizo kwa mfumo wa jozi, yaani wa tarakimu 0 na 1 tu, ambamo 0.1 haina mwisho, kwa hiyo hukadiriwa. Ndiyo maana fedha huhifadhiwa kama senti kamili, au kwa aina ya namba iliyotengenezwa kwa desimali. Jicho hilo linamfaa kwenye mifumo ya malipo na kwenye majaribio ya programu, na halifundishwi kwa wiki sita.

Usiamini matokeo yoyote kabla ya kuyajaribu kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe (wengi husema kodi, ila mimi nikisikia kodi nawaza mwenye nyumba). Saa kumi ndani ya wiki mbili zinatosha: tatu za kuandika programu fupi ya kubadili majina ya mafaili, tatu za ukurasa wenye fomu, nne za kurekebisha mradi wa mtu mwingine ulioharibika. Hizo nne usiziruke, kwa kuwa kazini utasoma msimbo wa wengine zaidi kuliko utakavyoandika wako.

Kila kikao kiandikie safu tatu: ulichofanya, ulikokwama, na ulifanya nini dakika tano baada ya kukwama. Safu ya tatu ndiyo ya kulinganisha na kadi. Aliyeweka ubunifu juu, lakini furaha yake yote imeandikwa siku alizokuwa akifukuza hitilafu ya mtu mwingine, arudi mezani na kadi zake.