Masomo ya bure ya kuhamisha duka kwenye kompyuta: nimeyatumia toka mwezi wa saba, haya ndo niliyoyaona

Naandika kwa wenye maduka wenzangu huku Kusini maana nishaulizwa sana "hiyo kompyuta kaunta ya nini". Nina hadiwea Magomeni hapa Mtwara mjini, saruji, bati, nondo, misumari, rangi kidogo. Miaka yote hesabu zangu zimekaa kwenye kaunta buku na madeni yana daftari lake linalolala na mimi nyumbani. Mpwa wangu anayesoma uhasibu ndo kaniletea kwenye flashi haya masomo ya leseni huria, masomo sita, yanafundisha biashara ndogo kuhamisha kazi zake toka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Jina silitaji, sijalipwa kuwatangazia wala sitaki ugomvi nao.

Somo la kwanza limenikosha, halikugusishi kompyuta kabisa. Linasema chukua karatasi, ufuatilie mauzo ya kitu kimoja toka mteja anaingia mpaka hela inaingia. Nikachukua bati. Kijana anaandika kwenye kaunta buku, anakata kikaratasi cha stoo, wa stoo naye anaandika kwenye daftari lake, halafu risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na kama ni mkopo mi naandika usiku nyumbani kwa kukumbuka. Yani bati kumi zimeandikwa sehemu tano na nilipozifananisha, mbili hazikubaliani na zingine. Nikacheka mwenyewe. Kuna jamaa alitaka kuniuzia programu ya duka kwa laki kadhaa, si ningeingiza fujo ileile kwenye mashine tena kwa hela yangu? Tumefuta kikaratasi cha stoo na daftari la stoo, sasa anaandika mtu mmoja tu.

Sa tatizo ni mifano. Mteja wao anatumiwa ankara kwa imeili, analipa ndani ya siku 30. Mteja wangu mkubwa ni mkulima wa korosho, anachukua bati mwezi wa nane aezeke kabla ya mvua, hela yake mpaka mnada, na mnada hauanzi mpaka mwezi wa kumi, na ukishafanyika bado malipo yapite chama kikuu cha ushirika yaende benki ndo yeye aje kwangu. (Mnada wenyewe sikuhizi uko kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, korosho imenitangulia kwenye udijitali.) Basi siku ya 31 jedwali lao la madeni likampaka mzee wa watu rangi nyekundu, kachelewa! Kachelewa nini wakati korosho ziko juu ya mti.

Hapo ndo nikaelewa mpwa alichokuwa anakipigia kelele kuhusu leseni. Mi nilidhani bure na huria ni kitu kimoja. Kumbe video kibao mtandaoni ni bure kuangalia ila ukizibadili na kuzisambaza uko makosani. Haya yana leseni ya Creative Commons ile CC BY-SA, unanakili, unabadili, hata ukitaka unauza, mradi umtaje aliyeyatengeneza na toleo lako ukilitoa ulitoe kwa leseni hiyohiyo. Ukiona herufi ND ujue ubadili wako unaishia kwako, kugawa huruhusiwi. Kwahiyo mpwa akafungua jedwali kwa programu ya LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, akatoa siku 30 akaweka safu ya "msimu gani" na ingine ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anayouzia. Misumari nayo ikarekebishwa, maana jedwali lao linajua pisi tu na mi nanunua katoni nauza kilo na robo kilo. Jumamosi mbili kazi imeisha.

Ila sio kila kitu kilibadilika. Somo la tatu, la stoki, wamelitoa kwa PDF ya picha, huwezi kugusa hata herufi. Ruhusa umepewa, kisu wamebaki nacho wao. Ikabidi mpwa aliandike upya lote kwa mkono, na nadhani ukitoa somo ukasema watu wabadilishe basi weka na faili linalobadilika, la sivyo ni maneno tu. Na Kiswahili chao jamani! Stoki wameiita "hesabu ya orodha ya bidhaa ghalani". Kijana wa kaunta kasoma mara tatu akaniuliza bosi hii ndo nini, nikamwambia stoki, akasema si wangesema stoki.

La tano ndo lililoniumiza. Linafundisha kushirikishana faili, linasema fungua kwa yeyote mwenye linki, basi. Nikafuata. Kijana akaituma linki kwenye grupu la WhatsApp la mafundi badala ya la dukani, nusu saa haijaisha fundi ananipigia, "bosi mbona naona deni la shemeji yangu humu?" Nilitamani ardhi ipasuke. Daftari langu la nyumbani halijawahi kuniaibisha hivyo. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika toka Mei 2023, somo zima halina hata mstari wa kuonya kuhusu majina ya wateja. Sasa faili linafunguka kwa imeili mbili tu na wadaiwa nimewapa namba, majina yamebaki kwenye daftari lilelile la zamani.

Kwa bando hawana shida, masomo yote yanafunguka toka kwenye flashi bila intaneti, na sisi tuliokuwepo Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tunajua thamani yake. Video zao sijamaliza, ndefu na zinasinzisha.

Nyota tatu na nusu kati ya tano, ile nusu ni ya lile somo la kwanza peke yake. Toleo letu la hadiwea lipo hapa kaunta, nikiligawa leseni yenyewe inanitaka niligawe hivyohivyo, kwahiyo njoo na flashi yako uchukue, ila hakikisha haina virusi, ya jirani yangu wiki iliyopita ilinilazia kompyuta siku mbili.