Kuendesha lori la ngano kwenye mavuno ya Marekani: uzoefu wangu

Nianze na hukumu yangu kwa mwenye haraka: kazi ya kuendesha lori la nafaka kwenye msimu wa mavuno Marekani ni kazi nzuri, ya halali, yenye kipato cha maana, na mimi naendelea nayo. Ila siyo udereva kama wengi wanavyoudhania. Mtu anayependa barabara, alale mji huu na kuamkia mwingine, ataichoka mapema. Hapa unaendesha masafa mafupi, unasubiri sana, unapanda mizani kila safari na usiku unalala saa chache. Inamfaa mwenye subira na jicho la kuona vitu vidogo.

Kwa wasioifahamu, katikati ya Marekani kuna ukanda mrefu wa ngano unaoanzia Texas na kupanda kaskazini kupitia Oklahoma, Kansas, Nebraska na South Dakota hadi North Dakota na Montana, mpakani na Kanada. Ngano ya kusini ndiyo huwahi kukauka. Wakulima wengi huona hasara kununua kombaini (mashine ya kuvunia) ya kutumia wiki mbili kwa mwaka, kwa hiyo hukodi vikosi vya wavunaji vinavyohama na kombaini zao, matrekta, malori na nyumba za magurudumu. Kikosi huanza Texas au Oklahoma mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, katikati ya Juni kiko Kansas, Julai kinasogea Nebraska na South Dakota, na Agosti kiko Montana au North Dakota. Wengine huendelea na mahindi na soya mpaka Novemba. Vijana wa Afrika Kusini wamejaa kwenye vikosi hivi, na pia utakutana na Waayalandi, Waingereza na Waaustralia.

Njia ya kawaida ya mgeni kuingia ni viza ya H-2A, ambayo ni ya kazi za kilimo za msimu. Mwombaji ni mwajiri, siyo wewe. Yeye ndiye anayetakiwa kuithibitishia Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba hakupata wenyeji wa kutosha, na gharama za maombi hayo ni zake. Sheria inakataza kabisa kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimefanya kazi na vijana waliouza mali ya familia kumlipa wakala, wakafika shambani wakiwa na deni ambalo mshahara wa msimu mzima ulikwenda kulifuta. Mtu yeyote akikuomba pesa ya kukuunganisha, achana naye hapohapo, hata kama mkataba anaokuonyesha ni wa kweli.

Mkataba wenyewe usome neno kwa neno, na nakala ibaki mkononi mwako. Malazi ni bure. Chakula, ama mwajiri anakupa milo mitatu kwa bei iliyowekewa ukomo, ama anakupa jiko na vyombo upike mwenyewe. Vifaa vya kazi ni juu yake. Nauli ya kwenda anakurudishia ukishafikisha nusu ya muda wa mkataba, kama hakuilipa tangu mwanzo, na ukimaliza muda wako anakulipia ya kurudi. Kuna kipengele kingine ambacho watu hukipita bila kukiangalia: mwajiri lazima akupe angalau robo tatu ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba, na asipozifikisha anakulipa tofauti. Mvua ikinyesha wiki nzima ndipo utakapoona thamani ya sentensi hiyo. Kwenye mshahara wa H-2A hakuna makato ya hifadhi ya jamii, lakini kodi ya mapato ipo na fomu zake zinajazwa kila mwaka.

Ubaya wa viza hii ni kwamba imekufunga kwa mwajiri aliyekuombea. Huwezi kuvuka barabara ukaajiriwa na jirani kwa sababu tu bosi wako ana mdomo mchafu. Msimu mmoja nilikuwa kwa bosi aliyezoea kuandika saa kwa kukadiria, na kila makadirio yalimfaa yeye. Nilichofanya ni kuandika saa zangu kwenye daftari kila usiku, muda wa kuwasha lori na wa kuzima, na mwisho wa mwezi kuliweka daftari mezani mbele yake. Alilipa. Hakufurahi, lakini alilipa, kwa sababu stakabadhi za ghala tunakopeleka ngano zina saa na tarehe na zilikubaliana na daftari langu ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu leseni: unahitaji leseni ya malori ya biashara ya daraja A, wenyewe wanaiita CDL, na vikosi vingi huwapeleka wageni kuipata wakishafika, majira ya kuchipua kabla ngano haijakauka. Kuna mtihani wa maandishi, mtihani wa kulikagua lori kwa mdomo huku ukigusa kila kitu na kukitaja, mtihani wa rivasi na wa barabarani. Unaowaangusha wengi ni wa ukaguzi. Lazima useme kwa Kiingereza kinachoeleweka: mipira ya breki za upepo haivuji, haijakatika wala kusuguana, pini ya trela imefungwa vizuri, boliti za gurudumu zote zipo, hazina kutu inayochuruzika. Uijue breki ya upepo kwa kichwa na kwa mkono. Jambo jingine: ukifanya mtihani kwa lori la gia za otomatiki, leseni itakuzuia kuendesha la gia za kubadilisha kwa mkono. Vikosi vingi bado vina malori ya gia kumi, kumi na tatu au kumi na nane zisizoingia kwa nguvu, mpaka uisikilize injini na kukutanisha mizunguko yake na ya gia. Muulize bosi ana malori gani kabla ya siku ya mtihani.

Sasa kazi yenyewe. Asubuhi haianzi mapema kama watu wanavyofikiri, kwa sababu umande ukiwa kwenye masuke ghala halitaipokea ngano bila kukata bei. Unyevu ukizidi takriban asilimia 13.5 makato yanaanza. Muda huo unatumika kupaka grisi, kujaza mafuta, kupuliza makapi yaliyonasa kwenye injini na kukagua matairi. Jua likishapanda, kombaini zinaingia, na kuanzia hapo hakuna kukaa mpaka usiku wa manane.

Kombaini haisimami kumwaga. Trekta lenye tela kubwa la nafaka linakimbia sambamba nayo, linapokea ngano wote wakiwa kwenye mwendo, kisha linakuja kwako pembezoni mwa shamba na kujaza lori. Hapa ndipo dereva mzuri anapoonekana. Sheria ya barabara kuu za shirikisho inataka lori zima lisizidi pauni 80,000, kama tani 36, na kila jozi ya ekseli isizidi pauni 34,000. Lori tupu likishatolewa, unabaki na nafasi ya tani 24 hivi za ngano, karibu busheli 900 (busheli ni kipimo cha nafaka cha huko). Baadhi ya majimbo yana vibali vya msimu vinavyoruhusu zaidi kidogo, lakini usibahatishe. Ngano ikirundikwa mbele, ekseli za kichwa zinazidi hata kama jumla iko sawa, na faini inakuja.

Shambani hakuna mizani, kwa hiyo dereva anategemea geji ya upepo wa sasipenshi, yaani kipimo cha hewa kwenye mifuko inayobeba uzito wa lori. Safari ya kwanza unajaza kwa tahadhari na kuandika geji inasoma ngapi, kisha ukifika ghalani unalinganisha na uzito uliotoka kwenye mizani. Safari ya pili unaongeza kidogo na kuandika tena. Mimi nabandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye dashibodi chenye namba mbili tu, ya geji na ya uzito, na kila lori lina yake kwa sababu mifuko ya hewa haifanani. Hali ya ngano ikibadilika, kwa mfano ikija nyepesi baada ya kunyeshewa, unaona lori limejaa pomoni na geji haijafika. Hapo ndipo madereva wapya huanza kurundika mpaka turubai halifungi. Jaza mpaka turubai lifunge, basi.

Ghalani ni foleni. Siku ya jua kali Kansas unaweza kukuta malori yamepanga mpaka nje ya mji. Ukifika mbele unapanda mizani, mkono wa chuma unashuka kutoka juu, unachoma ngano sehemu kadhaa na kunyonya sampuli. Wanapima unyevu, uzito wa busheli na uchafu, na kwingine protini. Unaelekezwa shimo lako, unasimamisha trela juu ya wavu, unashuka na kuzungusha mkono wa kufungulia mlango wa chini. Fungua kidogo kwanza, uone inavyotiririka, ndipo uongeze. Usiingie kamwe ndani ya trela kuisukuma ngano huku mlango ukiwa wazi. Inakumeza kabla hujapiga kelele. Funga milango yote, zunguka uhakikishe, rudi kwenye mizani ukiwa mtupu, uchukue stakabadhi.

Hiyo stakabadhi ndiyo kazi yako yote. Mashamba mengi yamekodishwa na mazao yanagawanywa kwa mafungu kati ya mwenye ardhi na mkulima, na mgawo wa shamba hili siyo wa shamba la jirani. Ukilitaja shamba kimakosa kwenye dirisha la mizani, umeipeleka ngano ya mjane mmoja kwenye hesabu ya mtu mwingine. Nimeona mkulima mzee akikaa na bosi mpaka usiku wakipekua stakabadhi moja moja kutafuta lori moja lililopotelea kwenye jina lisilo lake. Andika jina la shamba kwenye karatasi kabla hujaondoka shambani. Usiamini kumbukumbu ya mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu.

Uchovu ndio adui mkubwa. Kanuni za saa za dereva zimelegezwa kwa wanaobeba mazao ndani ya maili 150 kutoka shambani, kwa hiyo hakuna kifaa cha kukulazimisha upumzike. Bosi mwema atakuuliza uko vipi. Asipouliza, sema mwenyewe. Barabara za changarawe usiku, vumbi la lori lililotangulia na makutano yasiyo na alama vinahitaji mtu aliye macho. Na usiegeshe lori lenye sailensa ya moto juu ya mabua makavu. Upepo wa kule ukishika cheche, shamba zima linaondoka, ndiyo maana vikosi makini huweka trekta lenye jembe la sahani tayari pembezoni kukata njia ya moto.

Siku za kuhama ni kazi nyingine kabisa. Kombaini inapakiwa kwenye trela la chini, kichwa chake cha kukatia kwenye trela lake, nyumba nyuma ya gari jingine, msafara unatoka na bendera na gari la kutangulia. Mzigo ni mpana, na majimbo mengi hayaruhusu kusafiri nao gizani. Aliyezoea kuendesha kushoto atahitaji muda kabla hajakabidhiwa mzigo huo, na asione haya kuuomba.

Maisha ya kambi hutegemea sana mke wa bosi, au yeyote anayesimamia jiko. Kwenye vikosi vya familia chakula cha jioni huletwa shambani, mnakula mmekaa kwenye kivuli cha gari, dakika chache, kisha kazi. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mvua ikinyesha ni kufua, kupiga simu nyumbani na kulala. Mkikaa siku nyingi bila kazi mnaanza kugombana kwa mambo madogo, kwa hiyo uwe na kitu chako cha kufanya.

Anayepanga kwenda sasa ajue masharti yamekuwa yakibadilika haraka. Juni 2025 ukaguzi wa Kiingereza barabarani ulikazwa: dereva asiyeweza kuzungumza na askari au kusoma alama anasimamishwa hapohapo. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kusitisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Septemba mwaka huohuo ikatoka kanuni ya kubana leseni za wageni, ikabakiza aina chache tu za viza, H-2A ikiwemo, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Kwa hiyo taarifa ichukue kwenye tovuti ya ubalozi wa Marekani na kwa mwajiri mwenyewe, siku ile unayoomba, siyo kwenye video ya mwaka juzi.

Na kabla hujasaini, mwombe mwajiri namba ya dereva aliyemfanyia kazi msimu uliopita. Muulize dereva huyo mshahara uliingia tarehe ngapi, saa ziliandikwaje, na lori alilopewa lilikuwa na matairi gani. Mwajiri akisitasita kutoa namba, endelea kutafuta. Wangu wa sasa alizituma siku ileile, na kijana niliyempigia alinieleza kila kitu mpaka godoro lilivyo.