Pampu ya Kupimia Presha ya Rejeta: Je, Inafaa Kununuliwa Kulanti Inapopotea Bila Sababu?

Karibu, mtazamaji. Kifaa ninachokichambua leo ni pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, na kinamhusu kila mwenye gari ambalo kulanti yake (kimiminika cha kupozea injini) inapungua wiki baada ya wiki ilhali sakafu linapoegeshwa ni kavu. Msimamo wangu nautoa mapema: pampu hii inunuliwe kabla ya kipuri chochote, mradi mwenye kuitumia ajue mahali ambapo ushahidi wake unaishia.

Sakafu hubaki kavu kwa sababu mfumo wa kupoza hufanya kazi chini ya presha. Kifuniko cha rejeta katika magari mengi huzuia presha ya bar (kipimo cha presha) 0.9 hadi 1.4, na kwa bar 1 ya ziada hata maji matupu huchemka kwenye takriban nyuzi joto 120 badala ya 100. Kwa hiyo ufa mwembamba hufunguka gari likiwa safarini, na kile kinachotoka hukaukia juu ya chuma cha moto kabla ya kudondoka. Ukizima injini ikapoa, presha huondoka na ufa hunyamaza. Pampu hii inarudisha presha ileile injini ikiwa baridi, wakati unaweza kuinama, kumulika tochi na kugusa bila kuungua.

Ndani ya sanduku kuna pampu yenye geji, mpira wake, na adapta za vifuniko vya aina mbalimbali. Injini ikiwa imepoa kabisa, jaza kulanti hadi alama yake, funga adapta mahali pa kifuniko, kisha pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari lako. Usizidishe hata kidogo, kwa sababu rejeta iliyochakaa inaweza kupasuka. Subiri robo saa au zaidi. Mshale ukishuka, anza kutafuta: kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho hutoa unyevu sili ya ndani inapokufa, maungio ya plastiki na alumini pembeni mwa rejeta, ncha za mipira ya maji, na tangi la akiba. Utando mkavu, mweupe au wenye rangi ya kulanti, ni alama ya uvujaji wa siku nyingi. Inua pia zulia la mbele ndani ya gari, kwani rejeta ndogo ya hita huvujia huko, na harufu tamu pamoja na ukungu kwenye kioo cha mbele humtangulia fundi kukwambia.

Geji ya pampu hii inasomeka vizuri na mkono wake hauchoshi. Udhaifu wake uko kwenye adapta za plastiki, ambazo zinaweza kuvuja zenyewe kwenye mpira wake wa kuzibia, mshale ukashuka na injini ikasingiziwa. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya adapta kabla hujahukumu. Mapovu yakitokea, kosa ni la kifaa. Ninachokipenda kuliko vyote ni adapta ya kupimia kifuniko chenyewe. Springi iliyolegea huachia kulanti mapema kupitia mpira wa kumwagia kulanti ya ziada, na ni jambo la kusikitisha kuona watu wakifungua silinda hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, kabla ya kupima kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huo.

Sasa sikiliza kwa makini hapa. Mshale ukitulia, usitangaze kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati yake na sehemu ya chini ya injini, ni nzima. Presha ya mwako ndani ya silinda hufikia makumi ya bar, na inaweza kusukuma gesi kuingia kwenye kulanti kupitia njia ambayo bar 1 ya pampu haiwezi kuipenya. Gesi hiyo hufukuza kulanti nje, nawe ukabaki na mfumo unaoonekana mzima. Hapo kinahitajika kipimo cha pili: kimiminika cha buluu ndani ya kichupa kinachofyonza hewa kwenye mdomo wa rejeta, nacho hugeuka njano kinapokutana na hewa ya ukaa kutoka kwenye mwako. Punguza kwanza kiwango cha kulanti ili isifyonzwe ikakiharibu kimiminika hicho. Mshale ukishuka bila tone kuonekana nje, toa plagi na uchungulie silinda. Pistoni iliyo safi kuliko wenzake huenda inaoshwa na kulanti.

Unga wa kuziba uvujaji siupendekezi, maana huziba pia vijia vyembamba vya rejeta ya hita, na kesho utakuwa na matatizo mawili.

Baada ya matengenezo, toa hewa kwenye mfumo kama mtengenezaji wa gari anavyoelekeza, ukiiacha hita kwenye moto hadi thamostati, vali inayoachia kulanti ipite injini inapopata moto, ifunguke. Kiwango kikishuka kidogo siku za mwanzo, mara nyingi ni hewa iliyonasa ikitoka. Kiongeze injini ikiwa baridi, kisha rudia kipimo cha pampu. Ukienda kununua, chagua seti yenye adapta za chuma na ya kupimia kifuniko, hata kama idadi ya adapta ni ndogo, ilimradi moja kati yake inaingia sawasawa kwenye gari lako.