Le Suicide ya Durkheim, okazio ya Bukavu: inafaa dola tano?

Bo, kwa batu ba Bukavu benye kutafuta mabuku ya sosiolojia. Kuko papa moja anatandikaka mabuku ya okazio pembeni ya barabara pale mujini, kwake njo nilipata Le Suicide (maana yake Kujiua) ya Émile Durkheim, mwanasosiolojia Mufaransa, ile ya 1897, dola tano kisha kubishana kidogo. Alikuwa ameilalisha kifuniko chini, eti mama moja alisoma jina yake akafanya alama ya musalaba akajiendea! Papa yuko muzuri, hakasirikake ukifunguafungua bila kununua, lakini angalieni kurasa mbele ya kulipa, panya walishapita mule.

Sasa buku yenyewe. Durkheim haulize juu ya nini fulani alijiua, anauliza juu ya nini inchi moja kila mwaka inatoa hesabu karibu ileile ya benye kujiua. Anaona Waprotestanti ni wengi kuliko Wakatoliki, wenye hawana bibi kuliko wenye bibi na watoto, na hata utajiri wa gafla inapandisha hesabu sawa vile umasikini wa gafla, juu mutu anapoteza mipaka yake. Ile ya kupoteza mipaka, anaiita anomia, njo sehemu tamu kabisa. Anasema tena wakati wa vita hesabu inashuka, hapo nikafunga buku kwanza, sisi ba Kivu vita tunaijua lakini nani anahesabuka?

Na njo shida yangu na hii buku. Hesabu zake zote zimetoka mu rejista za serikali za Ulaya. Huku familia ikipatwa na ile mambo banasema ni malaria, ao alikufa gafla tu, ili padri akubali kuzika bila maulizo, imeisha. Basi Wakatoliki ni wachache kweli ao banaficha vizuri? Jack Douglas, mwanasosiolojia wa Amerika, alishaigusa ile swali ya hesabu mu 1967.

Kwa Waafrika Durkheim hana hesabu, kwa hiyo isome pamoja na African Homicide and Suicide (kuua na kujiua mu Afrika) yenye mwanaantropolojia Paul Bohannan alikusanya, 1960 (hii sikuiona kwa papa). Mule kuko Wativ ba Nigeria, Wagisu na Wasoga ba Uganda, Waluyia na Wajaluo ba Kenya, hata Waalur, wale wako pia huku kwetu Kongo, kule Mahagi mu Ituri. Maneno ya nyumbani, bwana na bibi, ndugu na ndugu, inajaa mule. Mwenye anasema hii ni mambo ya Wazungu ajue OMS, shirika la afya la dunia, ilihesabu batu 727.000 hivi benye kujiua mu 2021, karibu robo tatu mu inchi za mapato ya chini na ya kati.

Wanafunzi nunueni, dola tano haiko mingi. Lakini kama unaitafuta juu ndugu yako haiko sawa siku hizi, achana nayo, haikuandikwa juu ya ile. Muulize wazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakutie ile wazo mu kichwa, na mupeleke kwa saikologi ao hospitali usimuache peke yake.