Maria Callas katika Tosca, London 1964: mtazame zaidi asipoimba

Nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya tangu utotoni, na sisi wa sauti ya kwanza tuna tabia ya kumpima mwimbaji kwa noti za juu. Kwa kipimo hicho peke yake, mwimbaji wa opera Maria Callas wa tarehe 9 Februari 1964 hapati alama zote. Sauti imeshachoka. Akipanda juu inayumba, na kuna mahali inatoka kali hadi mtu unakunja uso. Hata hivyo, sijaona mwimbaji mwingine wa opera aliyenishika vile.

Nazungumzia filamu ya sehemu ya pili ya Tosca, opera (igizo linaloimbwa) ya mtunzi Mwitaliano Puccini, iliyopigwa Covent Garden, jumba la opera la London. Picha ni nyeusi na nyeupe, na ni sehemu hiyo moja tu, kwa hiyo soma kisa kwanza. Kwa kifupi: Roma, mwaka 1800. Mkuu wa polisi, Scarpia, amemkamata mpenzi wa Tosca na anamtesa chumba cha pili. Bei ya kumwachia ni Tosca mwenyewe.

Tosca ni Callas. Scarpia ni Tito Gobbi, baritoni (sauti ya kiume ya kati) Mwitaliano, na ni mshindani wa kweli. Hana papara. Anamtesa mtu huku chakula chake kiko mezani. Lakini Gobbi anapoimba, mwangalie Callas. Waimbaji wengi, mwenzao akishika zamu, husimama tu wakivuta pumzi ya mstari unaofuata. Callas anasikiliza. Kila tishio la Scarpia unaliona likimfikia, usoni kwanza, kisha mabegani, na jibu lake linatoka humo humo. Macho yake hayakuwa yakiona mbali, na jukwaani havai miwani, kwa hiyo hakuweza kutegemea fimbo ya kiongozi wa okestra. Muziki wote ilibidi aubebe kichwani. Nadhani ndiyo maana hakuna hata mara moja anapoonekana kuhesabu mapigo.

Halafu kisu. Scarpia ameketi anaandika kibali cha kuwavusha wapenzi hao wawili. Tosca anakwenda mezani kuchukua glasi ya divai, na hapo anakiona. Haruki, hashiki kifua, hafanyi lile jambo la kutufahamisha sisi watazamaji kwamba kuna kisu. Anatulia tu, na katika kutulia kule unamwona mwanamke aliyeingia chumbani kuomba akigeuka kuwa mtu atakayeua. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na bado siwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi hasa uamuzi unafanyika.

Baada ya kuua, anatamka kwa sauti ya kifuani, chini kabisa, kwamba mbele ya mtu huyu Roma nzima ilikuwa ikitetemeka. Hapo uchovu wa sauti unamsaidia. Soprano (mwimbaji wa sauti ya kwanza) mwenye sauti safi ya kumeremeta angeliimba neno hilo vizuri mno, likaharibika. Kisha anaweka mishumaa pembeni mwa maiti na msalaba kifuani, kama Puccini alivyoagiza, naye anafanya kazi hiyo kwa haraka ya mtu mwenye hofu, si kwa madaha ya ibada.

"Vissi d'arte", wimbo wa Tosca ambao wengi wanaungoja, ni mzuri, ila si kilele cha usiku ule. Anayetaka wimbo huo ukiwa na pumzi thabiti zaidi atafute filamu ya Paris ya Desemba 1958, ambako Callas na Gobbi wanaicheza sehemu hiyo hiyo. Anayejifunza kuimba aanze na hiyo. Anayetaka kuona opera ikiigizwa, aende moja kwa moja kwenye ya London, na asiiruke hata dakika moja Gobbi anapoimba.