Vitako vya sanamu za vita vya mezani: cha kununua kwanza na cha kuacha ukiwa Mombasa

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu wiki hii, nunua gundi nyeupe ya seremala. Usianze na nyasi za paketi, wala vitako vya rezini vilivyochongwa tayari. Anza na gundi, ifuate mchanga, halafu rangi tatu za udongo. Nasisitiza hivi kwa sababu wengi wanaoanza mchezo huu wa kupambanisha majeshi ya sanamu ndogo mezani hapa kwetu humaliza fungu lao kwa vitu vya kuagiza nje, na mwisho wake askari wamepakwa rangi vizuri mpaka vifungo vya koti, lakini wamesimama juu ya kiduara cheusi cha plastiki. Sanamu isiyo na ardhi chini ya miguu haijakwisha kutengenezwa.

Kitako ni kile kibao ambacho sanamu inasimama juu yake. Sanamu nyingi za michezo hii zina kimo cha milimita 28 hivi. Kwenye Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa vita vya kubuni, na jamaa zake vitako ni vya mviringo: milimita 25, 28.5 au 32 kwa askari wa miguu, 40 na kuendelea kwa wakubwa. Michezo ya vita vya kihistoria mara nyingi hutumia vya pembe nne, askari kadhaa kwenye kibao kimoja; DBA, kwa mfano, yaani kanuni za mchezo wa vita vya kale, inataka upana wa mbele wa milimita 40 kwa sanamu za milimita 15, na 60 kwa zile kubwa. Angalia kanuni za mchezo wako kabla ya kununua hata kimoja, maana kubandua askari thelathini kwenye vitako vya kipimo kisicho chake ni kazi ya machozi.

Sasa kipimo. Mtu wa milimita 28 amepunguzwa karibu mara 60. Kwa hiyo punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 6 kwake. Punje ya milimita 2 ni jiwe la kujaa kiganja. Kokoto ya milimita 5 ni jiwe la sentimita 30, ambalo askari angeliruka au kujificha nyuma yake. Mchanga wa punje za aina moja tu huonekana kama msasa, lakini uliochanganyika, laini mwingi, wa kati kiasi, na kokoto mbili tatu, huonekana kama ardhi. Nimepanga vitu vyote hapa chini kwa hilo, na kwa swali la pili ambalo miongozo ya Ulaya haiulizi: je, kitahimili hewa yetu ya chumvi na unyevu?

Namba 1: mchanga wa mto na gundi nyeupe

Duka lolote la hadwea, iwe Mwembe Tayari, Kisauni au Likoni, litakuuzia mchanga wa ujenzi kwa kipimo kidogo ukiomba vizuri, na penye nyumba inayojengwa fundi atakupa kopo moja bure. Kopo moja latosha jeshi zima. Ukifika nyumbani uoshe kwa maji baridi, uanike juani mpaka ukauke kabisa, halafu uchekeche mara mbili: kwanza kwa chekecheke ya unga, kisha kwa chujio la chai. Utapata mafungu matatu. Changanya tena kwa mkono wako mwenyewe: vijiko vitano vya laini, viwili vya kati, nusu ya kokoto.

Mchanga wa ufukweni sikushauri. Una chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Baada ya miezi utaona unga mweupe unachomoza chini ya rangi, na rangi inabanduka vipande. Tena ufuko wetu mrefu wa kaskazini umo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na kuokota matumbawe au kombe kwa ajili ya kupamba ni kosa. Wauzaji wa vipande vya matumbawe bado wapo. Usinunue. Mawe ya matumbawe yanayotakikana kwenye meza ya vita yanapatikana kwa njia halali kabisa: vifusi vya nyumba ya zamani inayobomolewa. Chukua kipande cha ngumi, kivunje ndani ya gunia kwa nyundo, na utapata vijiwe vyenye vitundu vile vile vya ukuta wa Fort Jesus. Kwa anayecheza mazingiwa ya 1696 hadi 1698, Waomani nje na Wareno ndani, hakuna paketi itakayokupa ardhi ya kweli kuliko hiyo.

Kuhusu gundi: chagua ile nyeupe nzito ya mbao. Ipake na brashi ya zamani, acha milimita moja kwenye ukingo, kandamiza kitako ndani ya bakuli la mchanga, kung'uta, weka pembeni. Miongozo ya nje husema subiri kwa saa mbili. Wakati wa masika hapa Mombasa mimi nasema lala ukaamke. Asubuhi yake chukua gundi ile ile, izimue kwa maji, kiasi cha maji mara mbili ya gundi, na uidondoshe juu ya mchanga kwa brashi iliyolowa, bila kusugua. Itazama kati ya punje na kuzishika. Ukiiruka hatua hii, rangi ya kwanza itaanza kuchota mchanga.

Supagluu iwe ya kubandika miguu ya askari tu, si ya mchanga. Nayo hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, kwa hiyo kwetu inashika upesi, lakini siku za fukuto huacha ukungu mweupe kuzunguka pale ulipoweka. Tumia tone dogo, na fungua dirisha. Na kamwe usiiweke juu ya stairofomu, itaila.

Namba 2: vishungi vya nyasi vya tayari

Hiki ndicho kitu cha kuagiza ninachokitetea. Ni vikonyo vidogo vya nyasi vilivyokwisha gundishwa, unabandua kwenye karatasi na kubandika. Gamers Grass na The Army Painter huvitengeneza kwa rangi na urefu tofauti. Vina kimo cha milimita 2, 4, 6 na zaidi; kwa sanamu za milimita 28 nunua za 4 au 6. Nyasi ya milimita 12 ni sentimita 72 kwa mtu huyo, yaani yamfika juu ya goti.

Rangi ndiyo mtihani. Usichukue kijani kibichi cha picha za katalogi. Kijani hicho ni cha malisho ya Uingereza. Kama askari wako wanapigana upande wa Taveta, pale Salaita ambako shambulio la Waingereza la Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilikwama, chukua rangi ya majani makavu na kahawia. Kama ni Tanga ya Novemba 1914, kwenye mashamba na minazi, changanya kijani kilichofifia na kikavu. Paketi moja ya rangi kavu na nyingine ya kijani kilichopauka zitakutosha muda mrefu, kwani kitako cha milimita 32 hakitaki zaidi ya vishungi viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, visiwe mkabala. Kumbuka gharama ya posta na VAT ya asilimia 16 kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Agizeni watu watatu wanne pamoja.

Namba 3: katani, usumba na kilifu

Hapa Pwani tuna utajiri ambao mchezaji wa Ujerumani angeununua kwa paketi. Kamba ya katani ya dukani, ikikatwa kipande cha sentimita mbili na kufumuliwa, ni nyasi kavu ndefu tayari kabisa. Shika fungu la nyuzi kumi na tano hivi, chovya ncha moja kwenye gundi nyeupe, simamisha juu ya mfuko wa plastiki mpaka ikauke, bandua, kisha punguza juu kwa mkasi uliolalia upande, usikate sawasawa. Pitisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwenye shina. Ni hatua hiyo ya mwisho inayoitofautisha nyasi na mswaki.

Usumba, yaani nyuzi za makumbi, una rangi ya kutu na hujikunja. Unafaa kwa vichaka vilivyokufa na mizizi. Kilifu, ile ngozi kama wavu inayovaa shina la mnazi chini ya makuti, mimi huikata vipande vidogo na kuigeuza wavu wa kujificha juu ya bunduki kubwa, au gunia lililotupwa njiani. Mtu akikaribisha macho huona nyuzi zinapishana kama kitambaa kilichofumwa, tena kwa kipimo kinachokubalika. Vyote hivi vianike juani siku nzima, na vipake gundi iliyozimuliwa kabla ya rangi, la sivyo ukungu utavipata mwezi wa Mei.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi majani ya chai yaliyotumika, ingawa yanapendeza kama majani yaliyodondoka. Ukiyataka, yakaange kwenye kikaango kikavu mpaka yakatike mkononi. Mchele, dengu na mbegu nyingine ziache jikoni, wadudu watazijia.

Namba 4: magome na koki

Magome ya mvinje yaliyoanguka ni miamba tayari: yana tabaka, yana nyufa, na ukiyavunja kwa mkono ukingo wake hutoka mkali kama jiwe. Yaoke kwenye jua, yapake gundi pande zote. Koki nayo ni nzuri kwa majabali ya ngazi ngazi. Nunua ubao wa kubandikia matangazo kwenye duka la vifaa vya ofisi, ubandue, halafu umege kingo zake kwa vidole. Usikate kwa kisu, maana mwamba haukatwi kwa rula.

Namba 5: pasta za udongo za kopo

Ni nzuri, na kwa mtu mwenye muda mfupi ni neema: unapaka kwa kijiko kidogo, inakauka ikiwa na mchanga ndani. Lakini linganisha ujazo kabla ya jina. Makopo ya kampuni ya rangi ya Citadel ni mililita 24. Mwenzake Vallejo ana ya mililita 200. Ninayoinunua bila kusita ni Agrellan Earth ya Citadel, maana hupasuka yenyewe ikikauka, kama kidimbwi kilichokauka njiani kwenda Voi. Ipake nene upate nyufa pana, na pakaa gundi nyeupe chini yake kwanza ili vigae visidondoke.

Namba 6: nyasi za umemetuli na mashine yake

Mashine hii husimamisha nyuzi kwa chaji ya umeme. Mahali pakavu inafanya ajabu. Kwetu unyevu huila chaji, nyuzi hushikamana vibonge na kulala. Ikiwa una chumba chenye kiyoyozi na unatengeneza meza nzima, sawa. Kwa vitako tu, pesa hizo zigeuze vishungi.

Namba 7: vitako vya rezini vilivyochongwa

Vinavutia dukani: sakafu za mawe, mafuvu, mabomba. Tatizo ni kwamba huja kwa mitindo michache, na jeshi la watu arobaini litaonyesha jiwe lile lile mara nane. Tena miguu ya sanamu mara nyingi haikai sawa, utahitaji kutoboa na kutia waya. Nunua kimoja, cha jemadari. Ukitaka sakafu ya mawe kwa askari wote, pata epoksi ya udongo wanayotumia mafundi bomba, ikande, itandaze juu ya kitako, na kabla haijakauka chora mistari kwa kijiti cha meno kilicholowa. Kandamizia jiwe la matumbawe juu yake mara moja, nawe umepata sakafu ya Mji wa Kale.

Rangi, na ukingo

Rangi ya ukutani ya maji inafaa, usione haya. Kopo dogo la kahawia nzito, jingine la udongo wa kati, na jingine la krimu. Kwa ardhi ya Tsavo ongeza nyekundu ya matofali kwenye ile ya kati. Funika kitako chote kwa kahawia nzito, subiri ikauke, chukua brashi ngumu yenye rangi ya kati, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu, kisha ipitishe juu juu. Malizia na krimu kidogo mno, kwenye ncha za mawe pekee. Kwa miamba ya matumbawe geuza mpango: jiwe letu likikaa juani huwa la kijivu kilichoiva, karibu jeusi, na weupe hubaki pale palipovunjika. Andakoti ya kopo la kupuliza usiipulize siku ya mvua, hutoka na ukungu. Ngoja kaskazi ivume na hewa iwe nyepesi.

Nyasi ziende mwisho, baada ya vanishi, la sivyo zitashikana na kung'aa. Kisha ukingo wa kitako: uchague rangi moja, nyeusi au kahawia, uipake mara mbili, na uitumie hiyo hiyo kwa kila askari utakayemtengeneza, hata wa mwaka kesho. Andika jina la rangi na duka ulikoinunua chini ya kitako cha kwanza, kwa kalamu isiyofutika.